Tangi linafurika ilhali ujumbe umefika: nifuate ushauri wa nani?

*"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa mradi wa maji wa kijiji kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma. Pampu iko ufukweni, tangi la lita 50,000 liko mlimani, umbali wa kilomita mbili hivi. Nimefunga vidhibiti viwili vya ESP32, kila kimoja na modemu yake ya laini ya simu. Boya la tangi likipanda, kidhibiti kinatuma ZIMA kwa MQTT, ile itifaki ya jumbe ndogo zinazopitia seva ya kati iitwayo broka. Likishuka kinatuma WASHA. Nimeiambia broka itunze ujumbe wa mwisho, na kidhibiti cha pampu kinaendelea na kikao kilekile hata kikikatika. Pia natuma vipimo vitano kila sekunde ili kamati ione kwenye simu. Broka ni ya bure, ya majaribio, iko nje ya nchi. Mtandao ukiwa mzuri hakuna shida. Ukiyumba, tangi linafurika hata dakika ishirini ndipo ZIMA ifike. Mara nyingine mtandao ukirudi pampu inawaka na kuzima mara tatu nne mfululizo. Na kuna usiku umeme ulikatika, uliporudi pampu ikajiwasha wakati tangi limejaa. Pampu inatoa lita 5 kwa sekunde, kitako cha tangi ni mita za mraba 20, boya liko sentimita 5 chini ya bomba la kufurikia. Natumia QoS 1. Rafiki anasema nipande QoS 2, mwingine anasema nihamie DDS kwa kuwa hata majeshi wanaitumia, kamati inataka tukodi seva ya karibu. Nifuate lipi?"*

Marahaba, fundi. Umenirahisishia kazi kwa kunipa vipimo vya tangi na pampu, maana jibu limejificha humo kuliko kwenye programu. Kwa kifupi, katika hayo matatu usifuate hata moja kwa sasa. Yote yanajaribu kuufanya ujumbe ufike. Shida yako ni kwamba unafika, ila unafika saa ambayo hauna faida tena, na pampu yako haina namna ya kuujua ujumbe mbichi na ujumbe uliochacha.

Tuanze na QoS kwa sababu ndiyo inayopotosha wengi. Namba ile inahusu mara ngapi ujumbe utafikishwa, haisemi lolote kuhusu lini. QoS 0 ni kutuma na kuondoka. QoS 1 ni kurudia mpaka upate risiti, hata kama mpokeaji ataupata mara mbili. QoS 2 ni kuhakikisha anaupata mara moja tu. Ni sawa na kifurushi unachompa kondakta wa basi la Kasulu: ukikatiwa risiti, una uhakika hakitapotea, lakini risiti haikuambii basi litakwama wapi kwenye tope. Tena uhakika wenyewe unakwenda hatua kwa hatua. Kuna makubaliano kati ya tangi na broka, kisha mengine tofauti kati ya broka na pampu. Risiti anayoipata kidhibiti cha tangi inamaanisha broka imepokea. Pampu inaweza kuwa haijasikia chochote.

Sasa piga hesabu. Unatuma vipimo vitano kila sekunde. QoS 1 inahitaji pakiti mbili kwa kila ujumbe, ujumbe wenyewe na risiti yake, kwa hiyo tayari una pakiti 10 za MQTT kila sekunde. QoS 2 inahitaji nne, na hapo utafika 20, bado hatujahesabu za TCP, itifaki ya mtandao inayozibeba chini yake. Hayo yote yanapita kwenye modemu ndogo iliyo nyuma ya mlima. TCP inapeleka vitu kwa mpangilio uleule ulioingizwa, kwa hiyo pakiti moja ikipotea, zote za nyuma yake zinasubiri. Na kila jaribio la kurudia likishindikana, TCP inaongeza subira maradufu: sekunde moja, mbili, nne, nane, na kuendelea. ZIMA yako inakaa foleni nyuma ya rundo la vipimo vya joto la mota ambavyo hakuna anayevihitaji usiku wa manane. Ukipanda QoS 2 utairefusha foleni hiyo hiyo.

Suala la seva ya karibu nalimaliza haraka. Ujumbe kwenda Ulaya na kurudi ni sehemu ya sekunde tu. Wewe unapoteza dakika ishirini, na unazipoteza kati ya modemu na mnara. Kamati isitoe fedha kwa ajili ya kasi. Kuna sababu nyingine ya kuiacha broka hiyo, na hii ni nzito: broka za majaribio ziko wazi kwa dunia nzima. Mtu yeyote akiijua mada yako anaweza kutuma WASHA akiwa popote. Hamia broka yenye nenosiri na usimbaji, hata kama ni kompyuta ndogo yenye programu ya broka iitwayo Mosquitto. Fanya hivyo wiki hii.

Kuhusu DDS, rafiki yako hajadanganya. Ni kiwango cha programu kubadilishana taarifa, kilichotolewa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 2004, kinatumika kwenye meli za kivita na kwenye roboti zinazoendeshwa kwa programu ya ROS 2, na kina kitu ambacho MQTT haina: mtumaji na mpokeaji wanaweka mkataba wa muda. Unaweza kusema "nataka taarifa mpya angalau kila sekunde mbili", na ukomo ukipita programu yako inaarifiwa. Unaweza pia kusema ujumbe huu ukizidi umri fulani utupwe. Kabla yake, katika miaka ya 1990, watafiti wa Washington University iliyoko St. Louis, Marekani, walijenga mfumo wao uitwao TAO wenye mkondo wa matukio uliopanga taarifa kwa kipaumbele, kwa ajili ya vyombo vya ndani ya ndege. Nayo CAN ya kampuni ya Bosch, mtandao wa waya wa kuunganisha vifaa, iliyoanza kwenye magari miaka ya 1980, imeweka kipaumbele ndani ya namba ya ujumbe: vifaa viwili vikianza kusema pamoja, mwenye namba ndogo ndiye anaendelea. Mawazo haya yote ni mazuri na nitakuomba uyaibe. Lakini mifumo hiyo ilizaliwa kwenye nyaya na mitandao ya ndani ambayo mwenye nayo anaijua tabia yake. DDS kwa kawaida huwatafuta wenzake kwa matangazo ya multikasti, yaani ujumbe mmoja kwa wengi kwa mpigo, na mitandao ya simu haiyapitishi. Na hata ungeifanikisha, mkataba wa muda ukivunjika DDS inakupa habari tu kwamba umevunjika. Mlima haiusogezi.

MQTT nayo tuitendee haki. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, njia iliyokuwa ghali na nyembamba. Kwa kukusanya hali ya vifaa vilivyo mbali inafaa sana. Baki nayo. Kilichokosewa ni kile unachoipa ibebe.

Unaipa amri. WASHA na ZIMA ni amri, na amri huoza. WASHA iliyotoka saa mbili usiku ilikuwa sahihi saa mbili. Ikisomwa saa tano ni hatari. Angalia usiku ule umeme ulipokatika. Nadhani mambo yalikwenda hivi: tangi lilijaa, ZIMA ikakwama kwenye modemu, umeme ukazimika kabla haijatoka. Ujumbe wa mwisho ambao broka inaujua ni WASHA. Umeme uliporudi, kidhibiti cha pampu kilijiunga, broka kwa utii ikakipa ujumbe ilioambiwa itunze, pampu ikawaka. Na kidhibiti cha tangi? Kiliamka kikakuta boya liko juu tayari. Kwa kuwa umekifundisha kutuma pale tu boya linapobadilika, kikanyamaza. Hakuna kifaa kilichoharibika hapo, kila kimoja kilifanya ulichokiagiza.

Zile kuwaka na kuzima mfululizo zina mzizi huohuo. Kikao kisichofutwa kinaifanya broka iweke foleni ya jumbe zote za QoS 1 wakati pampu haipo hewani, na maktaba nyingi za upande wa mtumaji nazo zinatunza ambazo hazijatoka. Mtandao ukirudi, historia ya saa nzima inachezwa upya kwa sekunde chache. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, sasa fikiria mara nne mfululizo. Kabla hujafanya chochote kingine, weka kwenye kidhibiti cha pampu sharti kwamba ikizima haiwaki tena mpaka zipite dakika tano, haijalishi nani kaamuru.

Sasa tuje kwenye hesabu ya tangi, ambayo ndiyo inayokuambia una muda gani wa kuchelewa. Mfumo wa wakati halisi haulazimiki kuwa na kasi. Unalazimika kuwa na ukomo unaojulikana na kuuheshimu hata siku mbaya. Sentimita 5 juu ya mita za mraba 20 ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa lita 5 kwa sekunde, una sekunde 200 tangu boya linyanyuke mpaka maji yamwagike. Dakika tatu na ushee. Mtandao wa laini ya simu kijijini hauwezi kukuahidi dakika tatu. Shusha boya mpaka sentimita 20 chini ya bomba la kufurikia. Sasa nafasi ni lita 4,000 na muda ni sekunde 800, zaidi ya dakika 13. Umenunua dakika kumi kwa spana na kipande cha kamba. Hasara yake ni lita 3,000 ambazo hutaziweka tangini, na kama kijiji chenu huamka na foleni ndefu ya ndoo, waambie kamati waziwazi ili wasije wakakushangaa.

Halafu badilisha mazungumzo yenyewe. Pampu isingoje kuamriwa kuzima. Iwe inazima yenyewe, na iendelee kufanya kazi pale tu inapopata kibali chenye muda. Kila dakika moja, kidhibiti cha pampu kinatuma swali lenye namba: "swali la 417, naomba kusukuma". Tangi linajibu: "jibu la 417, nafasi ipo, sekunde 400". Kibali kikiisha na kipya hakijaja, kontakta, ile swichi kubwa ya mota, inaachia. Tangi likijaa, linajibu sifuri. Likifa, laini ikiisha bando, radi ikipiga modemu, mlima ukimeza mawimbi, matokeo ni yaleyale: pampu inazima. Kimya nacho kimepewa maana.

Mbona sekunde 400? Kwa sababu boya likiwa chini unajua kwa hakika kuna nafasi ya lita 4,000 au zaidi, ambazo pampu itazijaza kwa sekunde 800. Toa nusu. Nusu iliyobaki ni ya makosa: boya linalonata, pampu inayotoa zaidi ya ulivyopima, saa ya kidhibiti inayokwenda pole. Ukiweka kihisi cha kimo badala ya boya pekee, muda wa kibali unaweza kukua tangi likiwa tupu. Maji yakiwa mita moja chini ya bomba la kufurikia, nafasi ni lita 20,000, yaani sekunde 4,000. Toa kibali cha 2,000. Hapo mtandao unaweza kupotea nusu saa na wanakijiji wasijue. Kwa ununuzi, kihisi cha mgandamizo kinachozamishwa hunipendeza kuliko vile vya bei rahisi vya mwangwi, ambavyo ndani ya tangi lililofunikwa huota umande na kuanza kusema uongo.

Jambo moja usilikosee: muda wa kibali uhesabu tangu pampu ilipouliza, usihesabu tangu jibu lilipofika. Jibu la 417 likikaa dakika sita kwenye foleni kisha likafika, linaonekana jipya, ila pampu inajua swali la 417 ililiuliza dakika sita zilizopita, kwa hiyo kibali kimebakiwa na sekunde 40 tu. Uzuri wake ni kwamba saa za vidhibiti viwili hazihitaji kukubaliana. Pampu inatumia saa yake peke yake. Namba za maswali zisianze upya kutoka moja kila umeme ukirudi, la sivyo jibu la jana litafanana na la leo. Chukua namba ya nasibu unapowasha, uendelee kutoka hapo.

Na sasa utashangaa: vibali vitume kwa QoS 0. Kimoja kikipotea, kingine kinakuja baada ya dakika, hakuna haja ya kung'ang'ania cha zamani. Kikao cha pampu kiwe kipya kila inapojiunga, na alama ya kutunza ujumbe wa mwisho iondoe kabisa kwenye kibali. Iache kwenye hali ya tangi inayoonwa na kamati kwenye simu, huko inafaa. Toleo la 5 la MQTT lina ukomo wa umri wa ujumbe, broka inautupa ukizeeka. Tumia ukipenda, ila ukumbuke linahesabu muda wa kukaa kwenye broka tu. Muda uliopotea ndani ya modemu hauonekani. QoS 1 iachie kumbukumbu ambazo lazima zifike hata kesho, kama jumla ya lita za siku.

Vipimo vyako vitano kila sekunde navyo vipunguze. Tuma mgandamizo ukibadilika kwa baa 0.1, au mara moja kwa dakika kama haujabadilika. Kamati haitaona tofauti. Ndani ya programu, kazi inayopokea kibali isishike kadi ya kumbukumbu wala kutuma SMS. Iweke kibali kwenye kisanduku cha nafasi moja, kipya kifute cha zamani, na kazi yenye kipaumbele cha juu ikisome. Nitashangaa pia kama modemu zako hazijiwashi upya zenyewe. Modemu za GSM zinaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo zinapotuma, na chaja ndogo ikizidiwa kidhibiti kizima kinaanguka. Pima volti wakati wa kutuma kabla ya kuilaumu kampuni ya simu.

Kuna tukio moja ambalo halipaswi kupita hewani kabisa, nalo ni pampu kunyonya hewa. Nyavu za dagaa zikiziba chujio, una sekunde chache mpaka dakika chache kabla sili zinazozuia maji kuvuja hazijaungua. Hilo liamuliwe palepale kwenye nyumba ya pampu, kwa waya: relei inayopima mkondo wa mota na kukata ukishuka kuliko kawaida, au elektrodi za kimo cha maji. Kontakta ikatwe na relei hiyo moja kwa moja bila kuomba ruhusa kwa ESP32.

Nakupa pia njia isiyo na redio hata moja, ingawa hukuniuliza. Kama bomba la kutoka pampu hadi tangini halina matoleo njiani, weka valvu ya boya kwenye mdomo wa tangi na swichi ya mgandamizo pale pampuni. Tangi likijaa valvu inafunga, mgandamizo unapanda, swichi inakata. Taarifa imesafiri ndani ya maji yenyewe. Ila valvu ikifunga ghafla kishindo cha maji kinaweza kupasua bomba la mlimani, na pampu ikisukuma kwenye bomba lililofungwa kwa muda inachemka. Na kama kuna kilula hata kimoja kimeunganishwa njiani, swichi itadanganyika. Kwa mradi wenye fedha kidogo na fundi mmoja ningeifikiria kwa dhati, kisha MQTT ikabaki kwa kazi ya kuarifu. Njia nyingine ni redio za LoRa, zinazofika mbali kwa nguvu ndogo, kati ya mlima na ufukwe kama vinaonana. Ulizia mamlaka ya mawasiliano, TCRA, masafa na nguvu zinazoruhusiwa kabla hujanunua.

Mambo mawili usiyafanye peke yako kwa kusoma maandishi. Ubao wa umeme wa awamu tatu, pamoja na relei ya kukata mota, ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Na valvu ya mlimani isifungwe kabla mhandisi wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, hajapiga hesabu ya kishindo kwenye bomba lenu. Mpelekee michoro, kipenyo na tofauti ya kimo. Kama mota inanuka kuungua au inatetemeka tofauti na zamani, mwite akaione kabla hujaiwasha tena.

Ukishabadilisha programu, jaribu mchana, mtu mmoja mlimani na mwingine pampuni. Pampu ikiwa inasukuma, chomoa antena ya tangi. Andika muda mpaka kontakta iachie: usizidi kibali cha mwisho kilichotolewa. Rudisha antena, hesabu pampu imewaka mara ngapi: iwe mara moja, tena baada ya zile dakika tano. Kisha inua boya kwa mkono, zima umeme wa pande zote mbili, uwashe. Pampu ikiwaka hapo, kuna WASHA ya zamani imebaki kwenye broka au mstari wa programu unaoisikiliza bado. Utafute na uufute.